Punda wa Mawe Mlangoni Petu

Habari hii nimeianza mara mbili, na mara mbili nimeipasua karatasi, kwa sababu kila nikiisoma naona nimejipendelea. Mara ya kwanza nilimfanya mchunga punda kuwa shetani. Mara ya pili nilijifanya mimi shetani, na hilo nalo ni namna ya kujipendelea, maana mtu anayejilaumu kupita kiasi huwa anangoja aambiwe, la, si hivyo. Sasa nitaandika yaliyokuwa, kwa kadiri niyakumbukavyo. Elimu yangu ni ndogo. Nilisoma chuoni hadi nikahitimu Kurani, na marehemu baba akanifundisha kuandika barua kwa herufi za Kiarabu, basi. Daftari hili lilikuwa la kuandikia siku nilizokula Ramadhani nipate kuzilipa. Mengine yaliingia baadaye.

Nyumba yetu iko kisiwani Amu, mtaa wa Mkomani, katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja huupa ukuta mgongo. Mbele ya mlango pana daka, yaani kibaraza chenye paa na viti vya mawe kulia na kushoto. Kwa desturi yetu daka si la mwenye nyumba peke yake. Mpita njia akichoka hukaa, na humfukuzi. Nalitaja hilo mapema ili isemwe kwa haki: wachunga punda walipokaa pale kupumzika hawakukosa kitu. Kilichokuwa kinatutesa ni punda.

Mwaka ule jirani yetu mfanyabiashara, ambaye nyumba yake imo ndani zaidi ya kichochoro, alikuwa anaongeza ghorofa. Mawe yaliletwa kwa mashua hadi ufukweni, na kutoka ufukweni yakapandishwa kwa punda, kila punda na shogi lake, yale makanda mawili makubwa yanayoning'inia ubavuni huku na huku. Punda mwenye shogi lililojaa mawe hana tena upana wa punda. Ana upana wa kichochoro. Walikuwa wanane, wakija kwa msafara mmoja, na yule wa mbele akisimama kupakuliwa kwa jirani, wale wa nyuma husimama kwetu. Wa tatu na wa nne na wa tano hukaa mbele ya mlango kabisa. Hatoki mtu, haingii mtu, mpaka wapakuliwe wote mmoja mmoja.

Zamani tusingejali sana. Kati ya nyumba yetu na ya jirani palikuwa na wikio, chumba kinachopita juu ya kichochoro kama daraja, na sisi wanawake tulikuwa tukipitia huko kwenda kwake, na kutoka kwake kwenda nyumba ya tatu, bila mguu kukanyaga chini. Lakini mafundi walilivunja, kwa kuwa ukuta ule ndio uliokuwa unapandishwa. Jirani alikuja akamwomba mume wangu kwa adabu, akaahidi kulijenga upya likiwa zuri kuliko la kwanza, na mume wangu akakubali. Hata mimi nilikubali. Tangu siku hiyo mlango wa chini ukawa ndio njia yetu pekee, nao ndio uliokuwa umejaa punda.

Kuna jambo jingine ambalo katika karatasi nilizozipasua sikuliandika. Siku ya kwanza ya punda wale kulikuwa na joto, nao walikuwa wakihema, na mmoja ana kidonda mgongoni. Nikaona huruma, na nikataka thawabu pia, nisiseme uongo. Nikamtuma yaya wangu, mwanamke mzee aliyenilea na ambaye alibaki nasi, akawawekea beseni la maji mlangoni. Akawawekea na siku ya pili na ya tatu. Basi punda wakazoea. Hata beseni lilipoondolewa, wakifika mlangoni petu hawaendi, mpaka wachapwe. Mimi niliwafundisha kusimama pale.

Mume wangu alikwenda kwa jirani mara nyingi. Jirani atampa kahawa, atasema, "Bwana, ni siku chache tu, tustahimilianeni." Siku chache zikawa miezi. Akasema na wachunga punda pia. Mkubwa wao alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya mkwaruzo, ambaye alikuwa mtumwa wa nyumba moja mtaa wa pili kabla serikali haijaondoa utumwa, na sasa alikuwa mtu huru, na punda wawili kati ya wale wanane walikuwa wake mwenyewe. Alimjibu mume wangu kwa heshima.

"Bwana, niwaweke wapi? Ndia ni hii moja. Punda mwenye mawe harudi nyuma. Nikichelewesha mawe, fundi anitukana, chokaa yake imeshakorogwa. Nambie wewe niwaweke wapi, nami nitawaweka."

Mume wangu akarudi nyumbani. Mahali pa kumwonyesha hata mimi sina, hadi leo.

Kisha mimi nikaharibu. Siku moja tulialikwa hitima, kisomo cha kumwombea maiti. Binti yangu alikuwa ameshakuja kwetu kwa ajili ya uzazi wake wa kwanza, kama ilivyo kawaida msichana kurudi kwa mama yake, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Tumejipamba, tumejifukiza, wenye kushika shiraa wamekuja, lile pazia linalozungushiwa wanawake njiani wasionekane, na wanangoja mwanzo wa kichochoro, nasi tumesimama nyuma ya mlango tunasikiliza punda wanavyopumua. Tukasimama hata udi ukatutoka nguoni. Hasira zikanipanda, nikapiga kelele kutoka ndani, "Ondoeni hayawani zenu mbele ya mlango wa watu wenye heshima!"

 Halafu nikasikia mmoja wao, kijana, akimwambia punda wake kwa sauti nyembamba ya kike, ya puani, "Ondoka, hayawani we, mbele ya mlango wa watu wenye heshima!" Wakaangua kicheko.

Kuanzia hapo hilo likawa neno lao. Punda akikwama sokoni, akikwama ufukweni, huambiwa hivyo, kwa sauti ile ile. Watoto wakalichukua. Mume wangu alilisikia akiwa barazani na wenziwe, na mwenzake mmoja, kwa kutojua, akacheka. Alirudi nyumbani hakula.

"Sauti ya mke wangu," akasema, "yachunga punda mtaa mzima wa Langoni."

Nikaifunika sahani yake.

"Isitoke tena kichochoroni. Ukiwa na haja nao, ningoje mimi."

"Nimesikia, Bwana," nikasema. Hakunipiga wala hakunitukana. Alikuwa ameaibika, na aibu yenyewe nilimletea mimi.

Siku yenyewe ninayotaka kuisimulia, mume wangu alikuwa ng'ambo, upande wa Mokowe, kwenye shamba letu, na alitazamiwa kurudi kesho yake. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alikuwa safarini Kiunga. Nyumbani tulikuwa wanawake watatu: mimi, binti yangu na yaya. Uchungu ulimshika binti yangu alfajiri, kabla ya siku zake kutimia. Kulipopambazuka nikamtuma yaya amwite mkunga wa Langoni, mwanamke ambaye mji mzima ulimjua kwa mikono yake, maana mtoto akikaa vibaya tumboni yeye huweza kumgeuza. Nilimtaka yeye hasa, kwa kuwa juzi yake nilikuwa nimempapasa binti yangu tumbo na kichwa sikukiona kilipopasa kuwa.

Yaya alipotoka kichochoro kilikuwa kitupu. Aliporudi na mkunga, punda walikuwa wameshaingia.

Nilijua wamefika kwa sababu niliisikia sauti ya yaya, nyuma kabisa ya msafara.

"Tupisheni! Tuna haja ndani!"

"Nasi tuna haja, bibi," mmoja akamjibu. "Ngoja wa mbele apakuliwe."

"Haja yetu haingoji!"

"Na mawe yaningoja mimi? Pita basi, mama. Punda hawaumi."

Yaya alijaribu kupita. Punda akambana ukutani kwa shogi, yaya akapiga ukelele, akarudi. Na mkunga, mwanamke mtu mzima, mnene, amejifunika gubigubi, hakuweza kujipenyeza kati ya punda na wanaume ambao si maharimu zake.

Yaya hakusema ni uzazi. Sisi hatutangazi uzazi njiani kabla mtoto hajatoka, tunaogopa jicho. Ningekuwa mimi nisingesema vilevile. Kwa hiyo wale watu hawakujua. Wao waliona vikongwe wawili wana haraka ya kwenda kunywa kahawa. Nataka hili lisomwe vizuri: hawakujua.

Mimi nilijua. Nilitoka chumbani nikaenda nyuma ya mlango, nikaweka mkono juu ya komeo, nikapiga makofi. Hivyo ndivyo mwanamke anavyotakiwa kumzindua mwanamume bila kutoa sauti, hata katika sala imamu akikosea. Nikapiga, nikangoja. Nikapiga tena.

"Sikizani," yule kijana akasema nje. "Yeo Bi apiga makofi!"

"Amependa mawe yetu."

"Mwimbie basi, huenda akakutunza."

Na kweli akaanza kuimba, wimbo wa arusi, akipiga shogi kama ngoma. Wakacheka. Nikamsikia mkubwa wao, "Nyamazani nyinyi, msiwacheze watu wa ndani." Alisema hivyo, nami nililisikia wazi, na sitaki kuliacha.

Nikarudi chumbani. Binti yangu alikuwa ameshika kamba ya kitanda, hasemi. Nikatazama, nikaona unyayo mdogo, mmoja, umetangulia. Nilimwambia, "Si kitu, mkunga yuko mlangoni." Nikatoka tena mbio.

Nilikaa muda gani nyuma ya ule mlango? Sina saa. Nasema ni muda wa chungu cha wali kuchemka na kukauka. Niliupiga mlango kwa ngumi. Nilitikisa komeo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kila namna ya sauti niliitoa isipokuwa sauti yangu. Nikisema niliogopa amri ya mume wangu, ni kweli, ila si yote. Ningeweza kuomba radhi baadaye, naye ni mtu wa kusamehe. Niliogopa kicheko chao, na ile sauti ya puani. Nilijiona nikifungua kinywa, na kabla ya adhuhuri maneno yangu yako sokoni, na mara hii yakiwa na tumbo la binti yangu ndani yake. Nikajiambia, wa mbele ameshapakuliwa, wa pili anapakuliwa, bado kidogo. Nilikuwa nawahesabu punda kwa mshindo wa mawe yanayoanguka.

Kisha binti yangu akaniita. Hakuniita mama. Alitoa sauti tu, ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nikavuta komeo, nikafungua ubao mmoja wa mlango. Uso wa punda ulikuwa pale pale, mbele ya uso wangu. Nikasema, na sauti haikuwa kubwa, "Binti yangu anazaa, na mtoto ametanguliza mguu. Mkunga yuko nyuma ya punda wenu."

Kilichofuata kilikuwa chepesi hata naona haya kukiandika. Yule mkubwa wao aliruka kutoka dakani.

"Fungua mbao zote mbili, Bi. Niwatie ndani."

Akamshika punda wa tatu hatamu, akamwingiza nyumbani kwangu, na shogi lake likikwaruza mlango huku na huku. Akamwingiza wa nne. Wa tano alikataa kuvuka kizingiti. Akatoa kisu, akakata kamba za shogi, mawe yakamwagika pale pale, akamsukuma punda kwa bega. Waliosalia wakawabana dakani na ukutani. "Geukeni!" akawaambia wenzake, "mato yenu ukutani!" Wakageuka wote, na yule kijana aliyeimba akafunika uso kwa kofia yake. Mkunga akapita.

Haikuchukua muda hata wa kusoma Yasini nusu.

Wakati mkunga anapita mimi nilikuwa nimesimama kando ya ubao wa mlango. Yule mtu mrefu alikuwa ameelekeza uso ukutani kama wengine. Akasema, bila kunitazama, "Ungetwambia, Bi. Ungetwambia zamani."

Mkunga alifanya alichoweza. Mimi nilimshika binti yangu mabega, yaya akamshika miguu. Mtoto alitoka, mwanamume, mzima wa viungo vyote, rangi yake ya samawati. Mkunga akampiga, akampulizia, akamtumbukiza katika maji ya moto na katika maji ya baridi. Tukanyamaza wote tukisikiliza. Na katika kunyamaza kule, punda mmoja akalia uani.

"Ndiye?" binti yangu akauliza. "Mama, ndiye?"

Alizikwa siku ile ile, baada ya alasiri. Jirani ndiye aliyeshughulikia yote, kwa kuwa mwanamume hakuwamo nyumbani. Alisimamisha kazi, akafagilisha kichochoro, akalia mbele ya yaya. Punda walitolewa uani na mkubwa wao mwenyewe, akaokota mawe yaliyomwagika mlangoni jiwe moja moja. Mkunga alipokuwa akiondoka nilimuuliza kama angewahi ingekuwaje. Akanijibu, "Wa miguu hufa hata nikiwahi. Na wengine huishi." Hakuniongezea wala hakunipunguzia.

Mume wangu aliporudi kesho yake alikuta watu wa tanzia barazani, na kila mmoja ameshamweleza habari ya punda. Akaingia ndani, akafunga kilemba upya, nikajua anakwenda kwa liwali, mkuu wa mji.

"Yule mtu atachapwa," akasema. "Atachapwa na punda wake watauzwa. Wametuzibia mlango mpaka mtoto amekufa, na makofi wamesikia, na wakaimba. Yaya ameniambia. Waliimba?"

"Waliimba."

"Basi."

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Hakuna ambaye angelijua, isipokuwa yule mtu mwenyewe, na nani angemsikiliza? Wala sikusema kwa wema. Nilisema kwa sababu sikuweza kubaki nalo peke yangu.

"Bwana, hawakujua ni uzazi."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia mwisho. Nilipowaambia walitupisha mara moja. Waliwatia punda humu ndani."

"Mwisho wa nini?"

Nikaviangalia viganja vyangu.  Nilidhani atasema, nilikukataza mimi. Nilikuwa nangoja aseme, sifichi, ningeona nafuu. Hakusema. Alikifungua kile kilemba, akakizungusha mkononi, akakaa kitandani. Kwa liwali hakwenda. Wala tangu siku ile hakunilaumu kwa neno lolote, nami sijamlaumu, na nyumba yetu imekuwa na adabu nyingi sana.

Tulikuwa tumesahau kwamba kati ya chumba kile na alipolala binti yangu pana pazia tu.

Aliniita jioni. Nikampelekea uji.

"Mama," akasema, "ulikuwa mlangoni wakati wote ule?"

"Nilikuwa nikija na kwenda."

"Ulikuwa umesimama tu?"

"Nilikuwa nikipiga makofi."

"Niliyasikia," akasema. "Nilidhani wako nje, wanacheza." Akanywa uji. Alipotimiza arubaini, mumewe akaja kumchukua. Alinibusu mkono vizuri, kama mtoto aliyelelewa.

Jirani alimaliza ghorofa yake, na wikio akalijenga, na kweli ni zuri kuliko la kwanza. Yule mchunga punda bado hupita. Akifika mlangoni petu hushuka, humshika punda wa kwanza mwenyewe, huwapitisha wote bila kuwaacha wasimame, na wanapokataa huwachapa kwa nguvu. Nilimwambia yaya amwambie asiwachape. Akajibu, "Mwambie Bi nimesikia," na akaendelea kuwachapa.

Mwaka wa pili wake nilisikia binti yangu ni mjamzito. Nikatengeneza chumba, nikanunua kitanda kipya cha kamba, nikampelekea salamu kwamba tunamngoja. Salamu zikarudi kwamba amesikia, ahsante. Mwezi wa nane ukapita. Mwezi wa tisa nikamtuma yaya, akarudi akakaa chini, akakunja miguu.

"Amezaa," akasema. "Ana siku tatu. Msichana."

"Amezalia wapi?"

"Kwa mkwewe."

Nilikwenda siku ile ile. Mamamkwe alinipokea kwa mikono miwili, akaniketisha pazuri, akaniambia binti yangu mwenyewe ndiye aliyesema nisisumbuliwe. Kisha akanileta chumbani. Binti yangu alikuwa amekaa kitako, mnene, mzima, nywele zake zimesukwa. Akanipa mtoto nimshike. Nilimshika kidogo, akaanza kulia, akalia kwa nguvu, na mama yake akanyoosha mikono akamchukua.